Chupa ya Mlezi Mkuu

Ilikuwako nchi moja ambayo sheria yake inakataza jina lake kutajwa na mtu aliyeketi. Kwa kuwa msomaji huenda ameketi, na pengine amelala chali kabisa, tutaiacha nchi hiyo bila jina, asije mtu akapata matatizo kwa ajili yetu.

Ni nchi njema. Ina wizara nyingi kuliko barabara, na kila wizara ina naibu waziri wa kupokea wageni na naibu waziri wa kuwasindikiza. Inaongozwa na Mlezi Mkuu, ambaye si rais, maana rais huchaguliwa na pengine asichaguliwe. Mlezi hulea tu, na hajawahi kusikika mtoto aliyempigia kura mlezi wake.

Humo aliishi mhandisi Anselmu Nguluvi, mtu mwembamba, mpole, mwenye mvi za heshima na kikohozi cha kuomba radhi. Ujanani alisomea ujenzi wa madaraja Ufaransa. Aliporudi akapangiwa kazi katika Idara ya Uzinduzi wa Madaraja, idara iliyokuwa imekwisha kuzindua madaraja mengi kuliko mito iliyopo. Anselmu mwenyewe hakujenga hata moja. Kazi yake ilikuwa kuchagua mahali pa kufunga utepe. Aliifanya kwa uangalifu, hakumkwaza mtu, akawa anasubiri kustaafu kama mtu anavyosubiri mvua ipite.

Mambo yalianza Mlezi Mkuu aliporudi kutoka ziara ya Ufaransa. Huko alikaribishwa chakula, akaona watu wazima na akili zao wakitia divai kidogo mdomoni, wakiitembeza kutoka shavu hili hadi shavu lile, macho wameyatupa darini, kisha wakibishana mpaka chakula kikapoa kama ni ya bonde hili au ya kilima kile. Hakuelewa hata chembe, lakini alitambua mara moja kwamba hapo ndipo siri ya maendeleo ilipofichwa. Alihutubia taifa akiwa bado kwenye ngazi ya ndege.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimegundua kwa nini tumechelewa. Sisi tunakunywa. Wenzetu wanaonja!"

Wananchi wakapiga makofi. Wengi wao hawakuwa wamekunywa kitu tangu asubuhi, kwa sababu mabomba ya mji mkuu yalikuwa makavu, lakini makofi hayahitaji maji.

Ikatangazwa Wiki ya Kuonja. Kila waziri aliagizwa kuandaa chakula cha jioni, kualika marafiki wa kweli, na kuonja nao divai nne za Kifaransa, wazilinganishe kwa uhuru kamili. Tatu angezitafuta mwenyewe. Ya nne ilikuwa ile aliyoichagua Mlezi Mkuu kwa ulimi wake mtukufu na kuiagiza makasha kwa makasha. Na ili uhuru huo usije ukawachosha watu, serikali ilitangaza mapema kwamba divai ya nne imeshinda.

Makasha yakaja kwa meli. Bandarini hapakuwa na ofisa aliyethubutu kuyagusa, maana mzigo wa Mlezi Mkuu ukivunjika mikononi mwako, nawe unavunjika nao. Huyu akampelekea yule, yule akamrudishia huyu. Wiki ya Kuonja ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kiangazi chote makasha yalikaa ndani ya bohari la mabati, yakilindwa na askari wenye bunduki dhidi ya kila adui isipokuwa jua.

*

Waziri wa Ladha na Hisia za Taifa alikuwa Mheshimiwa Leopoldi Sengo, na marafiki wa kweli aliobaki nao duniani walikuwa wawili: Anselmu, na daktari wa watoto aitwaye Veneranda Chuma. Watatu hao walisoma pamoja Ufaransa. Leopoldi alisomea sheria, akafeli, jambo lililomwezesha kupanda haraka sana aliporudi nyumbani.

Likizo moja huko ugenini waliishiwa, wakaenda kuchuma zabibu kwenye mashamba ya Burgundi. Baridi iliwapasua vidole. Jioni mwenye shamba, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliwakalisha mezani kwake pamoja na vibarua wengine, akawamiminia divai yake na kuwauliza wanaionaje. Veneranda, ambaye alikuwa hajawahi kunywa divai katika maisha yake, alisema, "Mbaya." Anselmu nusura aingie chini ya meza. Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuleta chupa nyingine. Tangu siku hiyo wakajifunza kuonja kweli, wakawa wakibishana kila Jumamosi kwenye chumba kimoja chenye dirisha bovu, na hakuna aliyewahi kununiwa kwa sababu ya ulimi wake.

Kadi ya mwaliko ilipofika, mkewe Anselmu aliisoma akiwa amesimama, kama sheria inavyotaka.

"Baba Imelda," alisema, "nenda ule. Ukiulizwa, sema nzuri."

"Na kama si nzuri?"

"Kwani kikombe kitupu cha bomba letu ulikiita kitu gani mbele ya wale wakaguzi wa maji?"

"Nilikiita maji."

"Basi. Umeshazoea."

Veneranda alimpitia kwa gari lake kuukuu, amevaa gauni la bluu, furaha imemjaa kama mwanafunzi aliyefunga shule. Zahanati yake ilikuwa na watoto watatu kila kitanda na dawa moja kwa kila ugonjwa, na alikuwa hajapumzika kwa muda mrefu sana.

"Anselmu, hivi unakumbuka ladha ya Burgundi?" aliuliza huku akikwepa shimo lililokuwa na kibao cha uzinduzi. "Mimi naiota. Naamka nikiwa na kiu."

"Vene," Anselmu akakohoa kidogo, "leo tule tu. Tusiongee sana."

"Tusiongee kwa nini? Ni kwa Leo! Leopoldi wetu yule aliyekuwa akilia akikata kitunguu."

*

Leopoldi aliwapokea mlangoni, akawakumbatia kwa dhati, maana moyo wake haukuwa mbaya, ila tu ulikuwa mbali na mdomo. Mezani palikuwa na mbuzi wa kuchoma, wali wa nazi na kuku wa kupaka. Palikuwa pia na mtu wa nne, aliyekuwa ameshaanza kula.

"Huyu ni Bwana Tindwa, wa Ofisi ya Itifaki," alisema Leopoldi. "Yeye hatumii kileo. Amekuja kutusaidia kuwa huru."

Bwana Tindwa aliinama. Alikuwa na macho madogo, yenye adabu nyingi. "Msinijali kabisa," alisema. "Nichukulieni kama kiti."

Divai ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya Alsasi, kutoka kabati la Leopoldi mwenyewe. Walisimama kumtakia afya Mlezi Mkuu, wakaketi, wakaonja. Veneranda alifumba macho.

"Ndimu," alisema polepole. "Ndimu, na jiwe lililonyeshewa mvua."

"Jiwe umelilamba lini, wewe?" akauliza Leopoldi, na wote watatu wakacheka, kicheko kile cha chumba chenye dirisha bovu. Hata Bwana Tindwa alitabasamu, kama viti vinavyotabasamu.

Ya pili ilikuwa nyekundu ya Burgundi. Anselmu alipoiweka mdomoni alihisi kitu kikimfunguka kifuani, kitu alichodhani kilikwisha kufa. Alisahau kukohoa. Alisema ni nyepesi lakini haisahauliki, ina harufu ya msitu uliopigwa na umande. Leopoldi akapinga, akasema ya tatu, ya bonde la Roni, inaishinda kwa mbali, ni nzito, ina pilipili manga na moshi, inafaa mbuzi. Veneranda akasema divai inayohitaji mbuzi ili ipendeze ni sawa na mwanamume anayehitaji cheo ili aoe. Leopoldi, ambaye alioa baada ya kuteuliwa, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Walibishana hivyo, wakirudia ya pili, wakirudia ya tatu, wakinyang'anyana chupa. Kwa muda huo mfupi, katika nchi ile, watu watatu walisema walichokihisi, na paa la nyumba halikuanguka. Anselmu aliona ajabu hiyo. Akafikiri: kumbe inawezekana.

Ndipo Bwana Tindwa alipofuta vidole vyake na kusema, "Mheshimiwa, nadhani wakati umewadia."

*

Chupa ya Mlezi Mkuu ililetwa juu ya mto wa mahameli, shingoni imefungwa utepe wa rangi za taifa. Ilikuwa ya Bordo, na bila shaka siku ilipoondoka kwao ilikuwa ya heshima. Leopoldi alipovuta kizibo, kizibo kikavunjika kama mkate mkavu. Harufu ikatoka kwanza, kama pikipiki zinazotangulia msafara wa mkubwa. Wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa beti zote, na harufu ikaimba nao.

Leopoldi alimimina, akainua glasi, akanywa funda moja. Macho yakamjaa maji, mishipa ya shingo ikasimama.

"Haya," alisema sauti ilipomrudia, "ni machozi ya uzalendo." Kisha akatoa hotuba. "Divai hii ina mwili. Ina msimamo. Ukiionja unaona dira. Haikubembelezi kama zile za kwanza. Inakuambia ukweli na kukuachia jukumu. Ndugu zangu, nikiilinganisha na hizo tatu, naona haya kwamba tulizinywa."

Ikawa zamu ya Anselmu. Alitia mdomoni. Ilikuwa siki. Haikuwa divai iliyoanza kuchacha, wala divai yenye kasoro; ilikuwa siki kamili, ile ya kutilia kachumbari, na ilimchoma ulimi, ikamchoma koo, ikashuka ikichoma. Akamfikiria Mama Imelda. Akafikiria kustaafu kwake. Akameza.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana." Na kikohozi chake kikarudi.

Veneranda alionja, akaiweka glasi chini.

"Leo," alisema kwa upole, kama anavyomwambia mama mwenye mtoto mgonjwa, "hii imeharibika. Ni siki. Joto limeiua huko bandarini. Kuna nyingine?"

Leopoldi alicheka kicheko kisicho na mtu ndani.

"Daktari wetu ana utani! Vene, umechoka. Umefanya kazi tangu alfajiri."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini hii ni siki."

"Pengine una mafua," akasema Leopoldi, na sasa sauti yake ilikuwa inamwomba. "Mtu mwenye mafua haonji vizuri. Wewe mwenyewe unajua, ni sayansi. Una mafua, Vene. Sema una mafua."

"Sina mafua. Jamani, kuna ubaya gani? Aliyeichagua hakukosea, ni jua tu lililoiharibu." Akageuka. "Anselmu, waambie. Wewe ndiye uliyekuwa na ulimi kutushinda sisi wote. Waambie."

Anselmu alitazama sahani yake. Palikuwa na mfupa wa kuku, akautazama kwa makini sana, kama mtu anayetafuta mahali pa kufunga utepe.

"Mimi," alisema, "naona ni divai. Naona imezishinda zile zote."

Veneranda aliisukuma glasi kando. Alimtazama, na hasira haikuwamo machoni mwake. Mlikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyenyoosha mkono kushika ukuta gizani akakuta ukuta haupo.

Bwana Tindwa alimalizia wali wake. "Jioni nzuri sana," alisema. "Ya uhuru kabisa."

*

Walimchukua asubuhi, zahanatini, akiwa na mtoto mikononi. Wakamngoja amalize kumchoma mtoto sindano, kwa sababu nchi ile inajali watoto.

Redio ikatangaza kwamba ulimi mmoja uliotumwa na maadui umegunduliwa. Neno siki likaondolewa sokoni. Wenye vibanda wakaanza kuuza "divai ya kachumbari", na aliyeipandisha bei alipewa cheti. Anselmu akaitwa Ikulu ndogo, akavishwa Nishani ya Ulimi, Daraja la Pili, na hilo, tukisema kweli, ndilo daraja pekee alilowahi kuondoka nalo kazini.

Nyumbani aliitundika nishani nyuma ya mlango. Tangu jioni ile chakula kilikuwa kimepoteza ladha kinywani mwake. Mama Imelda akazidisha chumvi, akazidisha pilipili, mwisho akakata tamaa. Kina mama wenye watoto migongoni waliendelea kupanga foleni mbele ya zahanati iliyofungwa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waende wapi kwingine.

Leopoldi hakukaa bure. Alilia faraghani, akapiga magoti kwa watu ambao zamani walimpigia yeye, na hatimaye akapata nafasi: Veneranda aende redioni aseme kwamba siku ile alikuwa na mafua, basi, ataachiwa siku hiyohiyo arudi kwa wagonjwa wake. Veneranda akakataa. Leopoldi akamfuata Anselmu.

"Mimi hataki hata kuniona," alisema. "Nenda wewe. Nimekuombea ziara. Mwambie ni sentensi moja tu, Anselmu. Mafua! Nani hajawahi kuwa na mafua?"

*

Nyumba ya Marekebisho ya Hisia iko nje ya mji, imepakwa rangi ya waridi. Anselmu aliingizwa katika chumba chenye meza na viti viwili. Mlinzi akatoka, akafunga mlango.

Veneranda alikuwa amekonda, mikono yake imekuwa mirefu. Kila siku, alimweleza, walimpa uji usio na chumvi wala sukari, wakamwuliza kama ni mtamu.

"Nawe unawajibuje?"

"Zamani nilikuwa nasema hapana. Siku hizi nafikiri kwanza."

Anselmu akamweleza habari ya redio na mafua. Akamweleza kuhusu foleni ya zahanati. Veneranda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea meza.

"Sikiliza, Anselmu. Mimi si shujaa. Hapa asubuhi na jioni naambiwa ile ilikuwa divai. Anayeleta uji anasema. Redio inasema. Juzi niliamka nikajaribu kukumbuka siki ikoje, nikashindwa. Naogopa. Nimeanza kufikiri labda kweli mimi ndiye niliyeharibika." Alishusha pumzi. "Sitaki unitetee. Sitaki useme mbele ya mtu yeyote. Niambie mimi tu, hapa, mara moja, kwamba ulionja nilichoonja. Ukiniambia, kesho naenda redioni, nasema nilikuwa na mafua, narudi kwa watoto wangu. Uongo naweza kuusema. Lakini ni lazima nijue kwamba ni uongo."

Anselmu alitazama mlango. Alitazama taa ya darini, na tundu dogo ukutani ambalo pengine lilikuwa la msumari na pengine halikuwa la msumari. Neno lenyewe lilikuwa fupi, herufi nne. Lilimjia mpaka kwenye meno, akalihisi likimchoma ulimi kama siku ile.

"Vene," alisema. Akakohoa. "Ilikuwa divai nzuri. Labda kweli ulikuwa na mafua."

Veneranda akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyepata majibu ya maabara.

"Asante kwa kuja," alisema. "Msalimie Mama Imelda. Mwambie aendelee kumfunga kitambaa yule mtoto wake mwenye kitovu kilichotokeza."

"Imelda? Imelda ameshaolewa, Vene."

"Ah," akasema Veneranda. "Kumbe."

Akageuza uso kuelekea ukutani, na Anselmu akagonga mlango afunguliwe.

*

Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa soga, na wageni walikuwa haba.

"Mzee, mbona unatetemeka? Amekutukana?"

"Hapana." Anselmu alijikaza. "Nadhani mmesikia wenyewe tuliyoongea. Nimesema yaliyo sahihi."

"Tusikie kwa kitu gani?" Mlinzi akacheka. "Vile vyombo vya kusikilizia vililiwa na panya zamani. Fedha za kununua vipya zikaenda Wiki ya Kuonja. Mle ndani, mzee, mtu husema analotaka. Ndiyo maana wengi wakitoka hapa huwa wanalia, roho zao zimekuwa nyepesi." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe siku moja niliingia mle nikasema yangu, chumba kikiwa kitupu."

Anselmu alisimama kama aliyepigwa rungu. Akageuka akaanza kurudi ndani, karibu anakimbia, na mlinzi ikabidi amshike mkono.

"Wapi tena?"

"Nimesahau kumwambia neno moja. Moja tu, ndugu yangu."

"Ziara ni moja kwa mwaka, mzee. Ningekuwa na uwezo ningekuruhusu, mama yule amemtibu mwanangu sikio humuhumu. Lakini ni moja kwa mwaka." Akamsukuma taratibu, kwa heshima, mpaka nje ya geti. "Na wanaolishwa uji kama wake hawafiki mwaka. Wakishaanza kusema ni mtamu, huhamishwa."

"Huhamishiwa wapi?"

"Mimi ni wa geti tu, mzee."

Geti likafungwa. Nje palikuwa na barabara ya vumbi na jua la alasiri. Anselmu akatembea hatua chache, akasimama. Akaamua kwamba atalisema hata hapo, liende kwa upepo, likipenda limfikie Veneranda dirishani, lisipopenda basi. Akafungua kinywa.

Chini ya ukuta alikuwa ameketi mwanamke anauza mapera, kayapanga mafungumafungu juu ya gunia. Akainua uso.

"Unasemaje, baba?"

Anselmu alimeza mate.

"Nasema mapera yako ni matamu sana, mama."

Mwanamke yule akayatazama mapera yake, kisha akamtazama yeye.

"Hujayaonja, baba," alisema.